Ukisikia "Hongera", Jua Umeshampoteza

Wahenga wametuachia methali ambayo imewafunga midomo waandishi wengi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeambiwa hivyo na watu wanaonitakia mema kabisa, kila waliponikuta nahangaika kutafuta maneno ya kuinadi riwaya yangu. Maana yao ni kwamba nikazane kuandika vizuri, mengine yatakuja yenyewe. Methali naiheshimu, ila nadhani aliyeitunga hakuwa na riwaya ya kuuza. Kitambaa kizuri unakiona kwa macho na kukipapasa kwa vidole kabla ya kutoa pesa. Riwaya ikishafungwa haionyeshi kitu. Uzuri wake wote umo ndani, na ili mtu aufikie inambidi atoe saa kadhaa za maisha yake kwanza, ndipo ajue kama zilistahili. Lazima awepo mtu wa kumwambia neno kabla hajafungua. Kwa mwandishi anayeanza, mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Kukubali hilo hakukunipa shida. Shida ilikuwa niseme nini.

Swali huwa ni lile lile: "Kitabu chako kinahusu nini?" Anayeuliza mara nyingi amesimama, simu iko mkononi, ana safari zake. Ameuliza kwa adabu na atasubiri jibu kwa adabu hiyo hiyo, yaani sekunde chache. Mimi jibu langu nilikuwa nalo tayari: "Ni riwaya inayohusu mapenzi, usaliti na harakati za mwanamke katika kutafuta haki." Hakuna neno la uongo hapo. Nao walionisikiliza walinijibu kwa upole, karibu wote kwa namna moja: "Ooh, hongera sana!"

Hongera ni neno zuri, lakini lisikilize linavyotumika. Linafunga mazungumzo. Mtu anakupongeza kwa kumaliza kazi kubwa, vile vile ambavyo angempongeza aliyehitimu masomo au aliyepata mtoto, halafu anageukia mengine. Hakuuliza zaidi kwa sababu hakuna alichotamani kujua. Neno la kuliwinda ni "ikawaje?", au "halafu?", au hata ule mguno wa "ehe?" unaomtoka mtu kabla hajauzuia. Nilipoanza kupima maelezo yangu kwa kipimo hicho, nilijua mara moja yapi yanafaa na yapi hayafai. Kuyaandika yanayofaa ndiko kulikochukua muda.

Mada ndizo zinazoleta hongera. Mapenzi, usaliti, haki, uonevu, tamaa: hizo zimo katika riwaya zote, na msikilizaji akizisikia haoni mtu yeyote. Nani kasalitiwa? Na nani? Alikuwa amesimama wapi alipogundua? Mwandishi anapotaja "usaliti", kichwani mwake kuna uso, kuna chumba, kuna saa ya usiku. Msikilizaji amepewa neno tupu. Ndiyo maana mwandishi huona amesema mengi, na msikilizaji huona hajaambiwa kitu.

Ili nisizungumze hewani, niieleze riwaya yenyewe. Zuhura ni karani wa mahakama. Kati ya kazi zake ni kuchapa hukumu kabla hazijasomwa. Siku moja analetewa hukumu ya kesi ya Idi, anayeshtakiwa kwa kumgonga mtu kwa gari usiku na kumwacha barabarani mpaka akafa. Idi ni kaka yake Zuhura, mama mmoja, baba tofauti, na kazini hakuna anayejua. Aliyekuwa ameshika usukani usiku ule ni Sefu, mume wa Zuhura. Riwaya nzima inatokea kati ya Ijumaa jioni, hukumu inapofika mezani, na Jumatatu asubuhi inapotakiwa kusomwa.

Baada ya kuachana na mada nilihamia upande wa pili, nikaandika hivi:

"Zuhura, ambaye ni karani wa mahakama na ambaye aliolewa na Sefu baada ya kufiwa na mama aliyemlea yeye na kaka yake Idi, anajikuta katika wakati mgumu pale Idi anapokamatwa kwa tuhuma za kumgonga Mzee Kombo, huku Sefu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari hilo, akiwa na siri nzito."

Majina manne kwa pumzi moja. Aliyesikia hakuona pongezi zinafaa wala swali la kuuliza. Alibaki akihesabu watu. Jina la mhusika kwako wewe ni mtu uliyeishi naye muda mrefu. Kwa anayelisikia mara ya kwanza ni sauti tu. Akiambiwa "Zuhura" hajui ni mtoto au bibi, tajiri au fukara. Akiambiwa "karani wa mahakama" tayari anaona meza, mafaili, mihuri, mtu anayesoma mambo makubwa ya watu huku mwenyewe hana mamlaka yoyote juu yake. Kazi ya mhusika ilibeba nusu ya riwaya, nami nilikuwa nimeificha baada ya "ambaye ni".

Hizo "ambaye" zenyewe zinastahili kuangaliwa. Siku hizi nikiandika sentensi ya kunadi nikakuta "ambaye" mbili, najua kuna mtu wa kutoa au kisa cha nyuma kinachojipenyeza. Kiswahili kinakubali kurefusha sentensi hivyo, na katika riwaya utamu mwingine umo humo humo. Katika maneno ishirini na kitu hakuna nafasi ya kurudi nyuma kueleza nani alilelewa na nani.

Nikakata. Ikabaki hivi: "Karani wa mahakama analetewa hukumu aichape. Hukumu inamfunga kaka yake kwa kosa alilolifanya mumewe. Yeye peke yake ndiye anayejua."

Hapo watu walianza kuuliza. Tatizo ni kwamba waliuliza maswali ya aina mbili, na nilichukua muda kuzitenganisha. Kuna swali la hamu na kuna swali la shaka. Swali la hamu ni "sasa atafanya nini?" Swali la shaka ni lile aliloniuliza mwanasheria mmoja huku amekunja uso: "Mahakama gani hiyo inampa karani kesi ya kaka yake?" Riwaya inalijibu hilo vizuri tu, kwa wale baba wawili na yale majina tofauti. Lakini msomaji wa jalada hajafika huko. Akishaingiwa na shaka, hamu inakatika, na wewe ukianza kujitetea papo hapo ndiyo umezidi kuharibu. Shaka huzibwa ndani ya maelezo yenyewe, kwa maneno machache iwezekanavyo. Nilipoongeza "na kazini hakuna ajuaye kuwa ni ndugu", shaka ilikufa, tena nikapata siri ya pili bila gharama. Tangu hapo nikiulizwa swali la shaka silijibu, naenda kurekebisha sentensi.

Jambo la pili lilikuwa lile neno "yeye". Nani anayejua peke yake? Mume? Kaka? Karani? Kwetu kiambishi a- kinambeba kila mtu, mwanamume na mwanamke, na katika riwaya hatuteseki kwa sababu muktadha umeshajengwa. Katika sentensi tatu zenye watu watatu, "alimwambia amfuate" inaweza kuwa yeyote kati yao. Dawa yake ni kurudia. Shuleni tulifundishwa tusirudie neno moja moja, tutafute visawe; kwenye kunadi nimeona visawe vinapoteza watu. Karani abaki karani mwanzo hadi mwisho. Asije akawa "mwanamke huyo" kwenye sentensi ya pili na "mfanyakazi huyo" kwenye ya tatu, msikilizaji akadhani wameingia wageni.

Toleo nililokaa nalo ni hili:

"Karani wa mahakama analetewa hukumu aichape. Inamfunga kaka yake, na kazini hakuna ajuaye kuwa ni ndugu. Aliyeua ni mume wa karani, na karani anajua. Hukumu itasomwa Jumatatu."

Niseme kidogo kuhusu mpangilio, maana nadhani hapo ndipo kazi ilipo. Kaka ametangulia mume kwa makusudi. Ningeanza na mume muuaji, sentensi ingekuwa imetoa kishindo chake chote mapema, na kaka angefika kama nyongeza. Hivi ilivyo, msikilizaji anaanza kumwonea huruma kaka, anadhani hilo ndilo tatizo zima, ndipo anapoambiwa la mume. Sikuandika kwamba karani ni mwanamke. "Mume wa karani" imeshasema. Sikuandika kwamba ana watoto, wala kwamba anampenda mumewe, ingawa riwaya imejaa hayo. Mtu akisikia "mume" na "kaka" katika mzani mmoja anajaza mwenyewe. Na Jumatatu imekaa mwisho kwa sababu neno la mwisho ndilo linalobaki sikioni. Bila siku, karani ana shida. Akipewa siku, muda unamkimbia.

Utagundua pia kwamba hakuna mahali niliposema anataka nini. Washauri wengi wa uandishi hufundisha vipande vinne: mhusika ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na atapoteza nini akishindwa. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia na sina ugomvi nao. Ila nikivijaza vyote vinne kwa wazi, sentensi yangu inasikika kama fomu. Ninachokitafuta ni uamuzi: mahali ambapo mhusika ana njia mbili na zote zina gharama. Ukiupata uamuzi, vile vipande vinne vimo ndani yake, hata usipovitaja.

Kumjaribia nani? Wanaokupenda wana shida zao, kwani watasifu. Hata hivyo jaribio lililonifundisha zaidi lilitoka nyumbani. Nilimwambia shangazi yangu zile sentensi nne, nikanyamaza. Akakaa kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, huyo mume anajua kwamba mkewe amejua?"

"Shangazi, hapo sasa ndipo penyewe."

"Wewe nawe! Si uniambie tu."

Sikumwambia. Sikutaka kumringia, ila ulimi uliniwasha. Mwandishi ana ugonjwa wa kufurahi akiulizwa, na furaha ile inamfanya amwage kila kitu: ndiyo anajua, ameanza kushuku tangu Jumamosi, halafu kuna simu... Ukishamaliza kumwaga, msikilizaji anakuambia nini? Hongera. Swali alilouliza ndilo litakalomfanya afungue kitabu. Ukimjibu, umelichukua.

Jaribio jingine ninalolipenda ni kumwacha msikilizaji amsimulie mtu wa tatu wakati mimi nipo, nisikilize kinachodondoka njiani. Vitu vinavyodondoka mara kwa mara havikuhitajika. "Karani" mara nyingi aligeuka "mtu wa mahakamani", sawa tu. "Aichape" ilipotea kwa baadhi yao, wakasema "anaiona hukumu", nami nikajiuliza kama kuchapa kuna maana. Nikaamua ibaki, kwa sababu kuna uchungu wa pekee katika kumfunga ndugu yako kwa vidole vyako mwenyewe. Jumatatu haikudondoka hata mara moja.

Sasa kuhusu yale tunayoyaona kwenye majalada yetu. Tuna mazoea ya kufunga maelezo kwa "Je?" "Je, Zuhura atafanikiwa kumwokoa kaka yake? Ungana naye katika mkasa huu wa kusisimua." Nakiri sina uvumilivu na hilo. Swali ukimwuliza msomaji wewe, anakujibu moyoni bila kufungua ukurasa: bila shaka atafanikiwa, vitabu ndivyo vilivyo. Swali likimjia mwenyewe hana pa kulijibia ila ndani ya kitabu. Ukishaweka mambo mahali pake, "Je" haina kazi. Ukiona huwezi kumaliza bila "Je", rudi juu uangalie kama uamuzi wa mhusika umeonekana.

Vivyo hivyo sifa. "Riwaya ya aina yake", "yenye kusisimua", "ukianza hutaiweka chini", "usikubali kuikosa nakala yako". Hizi ni kauli za mtu wa pembeni. Msomaji akizisema zina uzito, mwandishi akizisema mwenyewe ni majivuno, na msikilizaji wa Kiswahili ana pua kali ya kunusa majivuno. Hapa ndipo nilipopatana na ile methali. Kinachotuaibisha katika kujitembeza ni kujisifu. Kueleza yaliyomkuta karani si kujisifu hata kidogo. Ni kusimulia, na kusimulia hatujawahi kukuonea aibu. Zile sentensi nne hazina kivumishi hata kimoja cha sifa, na aibu ninayoiona kwa waandishi wenzangu wanapoombwa kueleza vitabu vyao hunipungua kabisa nikishakuwa na kisa cha kusema badala ya cheo cha kudai.

Kuna wanaoniambia: yako ina maiti na mahakama, rahisi kuinadi, yangu ni riwaya tulivu, watu wanakaa nyumbani wanazungumza. Hoja yao ina ukweli. Lakini utulivu haumaanishi kwamba hakuna shinikizo. Chukua hii niliyoitunga kwa mfano tu: "Dada wawili ambao hawajazungumza tangu mazishi ya baba yao wanarithi nyumba moja. Hakuna mwenye uwezo wa kununua sehemu ya mwenzake, na hakuna aliye tayari kuondoka." Hakuna damu, hakuna polisi, na bado unataka kujua nani atasema neno la kwanza. Katika riwaya za namna hiyo sauti ya maelezo ina kazi kubwa kuliko kisa. Kama riwaya inachekesha, maelezo yachekeshe. Kama inaenda polepole, maelezo yasipige kelele, kwa sababu yatamleta msomaji asiye wake, naye atakasirika kwa haki.

Nilijifunza mengi pia kwa kusoma maelezo ya wengine kwa wingi, mfululizo. Kati ya 2012 na miaka ya mwanzo ya 2020 kulikuwa na siku maalumu kwenye Twitter, zilizojulikana kwa alama ya #PitMad. Waandishi wenye miswada iliyokamilika waliinadi kwa ujumbe mmoja, na mawakala wa fasihi, yaani wanaowatafutia waandishi wachapishaji, au wahariri waliovutiwa waliubonyezea alama ya kupenda, ikiwa na maana "nitumie". Mwanzoni ujumbe haukuruhusiwa kuzidi herufi 140. Mwishoni mwa 2017 Twitter ikapandisha kikomo hadi 280. Ukikaa ukasoma jumbe kama hizo nyingi kwa wakati mmoja, unajikuta ndani ya kichwa cha mhariri mwenye miswada mezani. Zile zenye "siri za kale", "hatima" na "nguvu za mapenzi" zinapita kama mabasi yaliyojaa. Halafu inakuja moja yenye mtu mwenye kazi fulani na tatizo fulani, jicho linasimama lenyewe. Zangu nne hazifiki herufi 200, kwa hiyo zinaingia hapo na nafasi inabaki. Maneno yetu ni marefu, lakini neno moja kama "inamfunga" limebeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo.

Sentensi nne ndizo mbegu, ila kila mahali panataka umbo lake. Kwa mdomo ninazisema zilivyo. Kwenye jalada la nyuma zinakuwa kama maneno 150: pale ndipo Zuhura anapopata jina, ndipo watoto wanapotokea, na ndipo inapoingia sentensi ya gharama, "akinyamaza anampoteza kaka, akisema watoto wake wanampoteza baba". Jalada linaishia kabla ya katikati ya riwaya. Mimi nimeishia Jumamosi usiku.

Kwenye intaneti kinachokutawala ni kile kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza. Amazon inampa anayejichapishia mwenyewe nafasi ya herufi 4,000 za maelezo ya kitabu, ambayo ni anasa, lakini mnunuzi huonyeshwa mistari michache ya mwanzo na iliyobaki hufichwa. WhatsApp nayo hukata ujumbe mrefu na kuweka "soma zaidi". Sasa angalia matangazo tunayotumiana kwenye magrupu: "Habari za wakati huu ndugu zangu, natumaini mu wazima wa afya. Kwa heshima na taadhima napenda kuchukua fursa hii kuwatambulisha..." Salamu ni utu, sizipingi. Lakini pale ujumbe unapokatwa, karani bado hajaingia. Mimi huanza na "Karani wa mahakama analetewa hukumu aichape", kisha salamu zinafuata chini, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa nimekosa adabu.

Mchapishaji ni habari nyingine, na hapo waandishi wengi wanachanganya. Barua kwa mchapishaji iwe ya ukurasa mmoja: zile sentensi zikipanuliwa kidogo, aina ya riwaya, idadi ya maneno, unamwandikia msomaji gani, kama mswada umekamilika, na mistari miwili mitatu inayokuhusu wewe kama ina uzito kwa kitabu. Niliitaja kazi niliyowahi kuifanya ya kuchapa nyaraka kwa sababu inaeleza nimejuaje ninayoyaandika. Masomo yangu sikuyataja. Akitaka muhtasari, mpe na mwisho wa riwaya. Usimwandikie mhariri "utajua ukisoma". Yeye hasomi ili ashangae, anasoma ili ajue kama umeweza kukimaliza ulichokianza. Siri ni ya msomaji wa jaladani.

Kuhusu kuilinganisha riwaya yako na vitabu vingine, wapo wachapishaji wanaotaka, hasa katika soko la Kiingereza, na husaidia kuonyesha kitabu kitakaa rafu gani. Chagua vya miaka ya karibuni, na useme vinafanana katika nini. Ukijilinganisha na magwiji wote wanaojulikana, msomaji wa barua hajifunzi kitu kuhusu riwaya yako.

Kuna zawadi moja ambayo sikuitarajia. Sentensi ya kunadi iliurudia mswada na kuusahihisha. Katika rasimu ya wakati ule, hukumu ilifika mezani kwa karani sura ya tano, baada ya utoto wao, kifo cha mama, na harusi. Lakini kwenye maelezo ilikuwa ndiyo sentensi ya kwanza. Mtu aliyevutwa na karani angefungua kitabu akakutana na sura nne za utoto, akaanza kujiuliza kama ameuziwa kitabu kingine. Nikaileta hukumu sura ya kwanza, ukurasa wa tatu. Utoto niliuvunja vipande nikaupanda humo kati, na baadhi ya vipande sikuvihitaji tena. Mhariri wangu, ambaye husifu kwa shida, alisema riwaya imepata miguu. Kwa sababu hiyo siku hizi sisubiri kumaliza. Rasimu ikifika kama theluthi, naandika sentensi za kunadi juu ya faili. Zikikataa kabisa kuja, nauliza kwanza kama mhusika wangu ana uamuzi wowote wa kufanya, kabla sijailaumu lugha.

Katika kusema kwa mdomo kuna mambo madogo. Usianze na "ni ngumu kuielezea kwa kifupi", maana hapo umeshatumia sekunde tatu kumwambia mtu ajiandae kuchoka. Usiharakishe. Waandishi wengi wakiulizwa hukimbia kama wanaotubu. Mimi hupumua baada ya "ndugu", kisha nasema la mume taratibu. Baada ya "Jumatatu" nanyamaza, hata ukimya ukiwa mzito, na huwa mzito kweli. Hamu ya kuongeza "yaani ni riwaya inayoonyesha jinsi ambavyo..." inakuja kila mara. Acha ipite. Wengine hawatauliza kitu, na hao riwaya yako si yao. Kuna wasiopenda mahakama kabisa, na hakuna sentensi itakayowageuza.

Aliyevutwa atauliza: "Kinapatikana wapi?" Hapo toa jibu moja. Nimewaona waandishi wakitaja maduka matatu, namba mbili za simu, kurasa za mitandao na jina la rafiki anayeuza, na mtu anaitikia "sawa, nitakutafuta" akaenda moja kwa moja. Mimi nina kiungo kimoja. Kikifunguliwa kinatoa sura ya kwanza bure, na hukumu imo humo.